CHANJO ILIYOCHELEWA



Twasema wazi: Serikali haikuutendea umma haki. Tarehe 1 Februari 2021 Waziri wa Afya alitangaza kwamba Wizara haina mpango wa kupokea chanjo ya Korona. Tarehe 17, Visiwa vyetu vikampoteza Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, aliyekwisha kutangaza hadharani kuwa ameambukizwa.

Chanjo za kwanza, zipatazo milioni moja, zilifika Julai 24. Siku nne baadaye Rais Samia akachanjwa mbele ya umma. Serikali ile ile iliyotutia shaka ndiyo ikatuhimiza! Wananchi waliposita, nani wa kulaumiwa? Twadai khabari za maradhi zitangazwe mapema, zisifichwe tena.