Kalamu Iliyokwenda Vitani

Leo tunazungumza juu ya watu waliokwenda vitani bila kushika bunduki. Wao walishika kalamu na daftari.

Wazee mnavikumbuka vita vya Kagera. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu. Vijana wengi wa Mara walikwenda kupigana. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa.

Askari wetu walifuatana na waandishi wawili Wamarekani, mtu na mkewe: Tony Avirgan na Martha Honey. Walikuwa wakikaa Dar es Salaam. Waliingia Uganda pamoja na majeshi, wakiona, wakiuliza, wakiandika. Mwaka 1982 wakatoa kitabu juu ya vita hivyo. Kazi hii si mchezo. Tarehe 30 Mei 1984 Avirgan alijeruhiwa kwa bomu huko La Penca, Nikaragua, akiwa kazini.

Kitabu chao ni cha Kiingereza. Lakini Baldwin Mzirai alikwishatoa chake kwa Kiswahili mwaka 1980, kiitwacho Kuzama kwa Idi Amin. Hicho mnaweza kukisoma wenyewe.

Sasa tujiulize. Je, habari za askari wa vijiji vyetu zimo vitabuni? Nyingi hazimo. Zimo vifuani mwa wazee, na wazee wanatutoka. Mzee akizikwa na habari yake, nani ataifukua?

Basi tufanye nini? Nunua daftari moja. Mwendee mzee aliyepigana, umwamkie, ukae naye. Muulize: Aliondoka lini? Alipita wapi? Alikuwa na nani? Walikula nini? Andika kama anavyosema. Aliyoyaona kwa macho yake yaandike mbali, na aliyoyasikia kwa watu yaandike mbali. Usiyachanganye. Halafu msomee, akusahihishe.

Na mama aliyebaki nyumbani tusimsahau. Nani alilima shamba? Habari za mumewe alizipataje? Hivyo navyo ni vita.

Ukikosea herufi, si neno. Herufi hurekebishwa, lakini habari iliyopotea hairudi. Zamani barua ikifika, mtu alitafuta wa kumsomea. Leo kalamu iko mkononi mwetu. Haya, kila mmoja wetu aanze na mzee mmoja, juma hili hili.