Dereva na Kondakta: Somo juu ya Ugonjwa wa Moyo

Ninyi mlio darasani, fungueni madaftari yenu mwandike maneno mawili: moyo na presha. Leo tutajifunza jinsi madaktari walivyotambua mambo yanayouletea moyo ugonjwa.

Moyo ni msuli, na ukubwa wake ni kama ngumi yako. Kazi yake ni kusukuma damu mwilini usiku na mchana. Lakini moyo wenyewe pia huhitaji damu, nao huipata kwa mishipa yake midogo. Mafuta yakijijenga ndani ya mishipa hiyo mwaka baada ya mwaka, njia huwa nyembamba. Damu ikiganda hapo na njia ikaziba, sehemu ya moyo hufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Je, kwa nini ugonjwa huu humpata huyu ukamwacha yule? Madaktari walitafuta jibu kwa kuhesabu watu na kuwalinganisha.

Sikilizeni habari ya London. Huko palikuwa na mabasi ya ghorofa mbili. Kila basi lilikuwa na dereva na kondakta. Dereva alikaa kitini karibu siku nzima. Kondakta alikata tikiti, akipanda na kushuka ngazi za basi mara nyingi, yapata vipandio 600 kwa siku. Walikuwa watu wa mji mmoja na kampuni moja. Daktari Jerry Morris na wenzake walichunguza habari za maelfu ya wafanyakazi hao, na mwaka 1953 wakatoa taarifa. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Tena waliougua, waliugua wakiwa na umri mkubwa zaidi.

Labda wewe utauliza: “Pengine madereva walikuwa wanene tangu mwanzo?” Umeuliza vizuri. Madaktari nao walijiuliza hivyo hivyo. Wakatazama vipimo vya sare za kazi, wakaona kweli suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Lakini hawakutegemea mabasi peke yake. Walitazama pia watu wa posta. Matarishi waliopeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli walipata mishtuko michache kuliko makarani waliokaa ofisini. Uchunguzi mwingi wa baadaye umethibitisha kwamba mwili unaotembea huulinda moyo.

Huko Marekani, katika mji wa Framingham, kazi nyingine ilianza mwaka 1948. Madaktari walichagua watu 5,209, wanaume na wanawake wenye umri wa miaka 30 hadi 62. Kila miaka miwili waliwaita na kuwapima. Kisha walingoja waone nani ataugua. Mwaka 1961 walieleza kwamba watu wenye presha ya juu na wenye kolesteroli nyingi, yaani aina ya mafuta katika damu, waliugua moyo zaidi. Sigara nayo ilionekana kuwa adui, na kisukari pia.

Wako wanaosema, “Hayo ni maradhi ya Wazungu.” Basi tuje Kenya. Madaktari waliwafuata vijana wa Kiluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Victoria wakahamia Nairobi. Wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Taarifa ilitolewa mwaka 1990. Presha za waliohama zilipanda mapema baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wanakula chumvi nyingi zaidi. Kabila lao halikubadilika. Kilichobadilika ni maisha.

Basi wewe fundi cherehani, wewe karani, wewe mwenye duka unayekaa tangu asubuhi, habari hii inakuhusu. Tembea kila siku. Punguza chumvi na mafuta. Ukivuta sigara, acha. Na upimwe presha, hata kama huna maumivu. Presha ya juu mara nyingi haina dalili. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukipewa dawa za presha, usiziache kwa sababu unajiona mzima. Kuzitumia ndiko kunakokufanya uwe mzima.

Tena jambo moja la haraka. Mtu akibanwa na kifua, maumivu yakienda mkononi au tayani, naye akitoka jasho jembamba, msimwache alale kidogo kwanza. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Daktari Morris alipenda sana mazoezi, naye alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Lakini mtu mmoja si ushahidi. Pengine wewe unamjua mzee aliyevuta sigara hadi miaka 90. Ndiyo sababu madaktari huhesabu maelfu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kazi ya dereva na ya kondakta zilitofautianaje?
2. Kwa nini madaktari walitazama watu wa posta pia?
3. Katika nyumba yako, chumvi hutiwa wapi: chunguni, mezani, au kote kuwili?
4. Ni nani kati yenu aliyepimwa presha mwaka huu?