Shujaa Asiyeshindika na Dadu ya Nyuso Ishirini

Mwaka 1976 kampuni ya Marekani iitwayo TSR ilitoa kitabu chembamba, Gods, Demi-Gods & Heroes, ambamo miungu ya Wagiriki, ya Misri, ya Wahindi na ya mataifa mengine ilipangwa mmoja mmoja, nguvu zake zikiandikwa kwa tarakimu. Mhariri Timothy Kask alieleza bayana kusudio lake katika utangulizi: wachezaji waliokuwa wakijigamba kwa wahusika wa ngazi ya 40 na zaidi waone aibu. Ikiwa mungu Odin ana pointi 300 za uhai, bwana wa ngazi ya 44 anamtisha nani? Wachezaji walikisoma kitabu, wakahesabu, wakaelewa kinyume kabisa. Mungu mwenye pointi za uhai anauawa. Wakaanza kuwinda miungu.

Mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons, wakati huo ulikuwa na miaka 2 tu tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipouchapisha. Kwa asiyeufahamu: watu wanne au watano huketi mezani, kila mmoja na mhusika wake, iwe mpiganaji, mchawi, mwizi au kasisi. Pamoja nao yupo mmoja asiye na mhusika. Yeye ndiye msimulizi, anayeunda ulimwengu, maadui na matatizo. Jambo lisilo na uhakika huamuliwa na dadu, hasa ile ya nyuso 20. Mhusika akiokoka anapata uzoefu, uzoefu ukitosha anapanda ngazi. Ngazi za chini mchezo ni mtamu mno, kwani panya mkubwa akikung'ata vibaya unakufa. Ngazi za juu ndiko mambo yanakoharibika, na yameharibika karibu katika kila toleo kwa takriban miaka 50.

Mhadhara huu, unaotolewa hapa Machakos, unashikilia jambo moja. Hitilafu hiyo haitibiwi kwa kuongeza maadui wenye nguvu zaidi, kwa sababu chanzo chake si wingi wa nguvu. Ni kwamba wahusika wawili waliopanda pamoja hawakupanda ngazi ile ile moja.

Hesabu kwanza. Katika toleo la 3, la mwaka 2000, mpiganaji na mchawi wa ngazi ya 1 wanapishana pointi 1 tu katika uwezo wa kulenga pigo. Kwenye dadu ya nyuso 20 kila pointi ni asilimia 5, kwa hiyo tofauti haionekani. Wakifika ngazi ya 20, mpiganaji ana pointi 20 na mchawi 10. Pengo limekuwa la asilimia 50. Msimulizi akilivika joka magamba yanayomtoa jasho mpiganaji, wenzake hawawezi kuligusa. Akiyapunguza ili nao walipate, mpiganaji halikosi kamwe. Waandishi waliliona hilo. Epic Level Handbook ya mwaka 2002, iliyoandikwa kwa ajili ya ngazi zinazovuka 20, iliamua kwamba kuanzia hapo nyongeza ziwe sawa kwa wote, ili pengo lisizidi kupanuka. Pengo lililokwisha kupatikana, hata hivyo, likabaki palepale.

Lakini kulenga ni dogo. Linaloumiza ni kinga dhidi ya uchawi, na hapa inafaa kuweka matoleo mawili bega kwa bega. Katika jedwali la mwaka 1979, mpiganaji wa ngazi ya 1 aliyerogwa alihitaji 17 au zaidi kwenye dadu ili aepuke: nafasi ya asilimia 20. Mkongwe wa ngazi ya 17 alihitaji 6 tu, yaani asilimia 75. Kadiri alivyopanda ndivyo alivyokuwa mgumu kurogeka. Sasa chukua toleo la mwaka 2014. Mpiganaji wa ngazi ya 1 mwenye hekima ya kawaida, yaani 10, anayekabiliana na mchawi wa ngazi hiyo hiyo mwenye akili 16, anahitaji 13: asilimia 40. Wote wawili wakifika ngazi ya 20, na akili ya mchawi ikiwa 20, anahitaji 19. Asilimia 10, kabla ya kuhesabu msaada wowote mwingine. Mtu amepigana maisha yake yote, ameua majitu na majoka, na sasa anadanganyika upesi kuliko siku aliyoacha shamba la baba yake.

Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Sheria zilisafishwa, majedwali ya zamani yaliyoonekana ya ovyo yakatupwa, na kinga ya mpiganaji ikaenda nayo.

Kilitupwa kitu kingine pia. Katika Players Handbook ya mwaka 1978, mpiganaji aliyefika ngazi ya 9 aliweza kujenga ngome, kukusanya kodi, na askari wakaja kujiunga naye. Mchawi alijifunza kupinda ulimwengu. Mpiganaji alipata watu na ardhi. Ulinganifu huo haukuwa kamili, ila ulikuwa na mantiki: nguvu mbili za aina mbili, kila moja na eneo lake. Toleo la mwaka 2000 liliondoa jeshi hilo kwenye haki za mpiganaji, likalifanya kipaji ambacho mhusika yeyote aweza kukichagua. Mpiganaji wa ngazi ya 20 akabaki na nini? Mapigo 4 kwa zamu badala ya 1. Mwenzake mchawi wa ngazi ya 17, wakati huohuo, anasimamisha wakati, anafungua lango la ulimwengu mwingine, na kwa uchawi uitwao Wish anaomba karibu lolote alitakalo.

Chukua kisa kinachoweza kuchezwa na vijana wa hapa. Katikati ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu Mombasa, na Kivoi wa Kitui alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wake mashuhuri. Ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mmisionari Krapf mwaka 1849, wakati Krapf alipouona Mlima Kenya. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa safarini walipovamiwa kuelekea mto Tana. Kwa wahusika wa ngazi ya 2, msafara kama ule ni mchezo wa miezi: maji yako wapi, nani anadai hongo ya njia, nani analinda usiku. Kwa toleo la mwaka 2000, mchawi akifika ngazi ya 9 anajihamisha hadi Mombasa kabla chai haijapoa, na msimulizi anabaki ameshika ramani yake.

Wasimulizi wengi hujibu kwa makatazo: nchi hii ina laana, uchawi wa kujihamisha haufanyi kazi. Ni jibu la uvivu, nalo linamnyang'anya mchezaji kitu alichokipata kwa jasho. Jibu bora limo ndani ya kanuni zenyewe. Uchawi ule unabeba watu wachache. Haubebi wapagazi mia mbili wala pembe zao. Mchawi anaweza kufika Mombasa. Msafara hauwezi, na msafara ndio shida. Hapo yule mpiganaji mwenye watu anarudi kuwa na kazi.

Wasimulizi wa pwani walilijua tatizo hili zamani, kabla ya mchezo huu kuwapo. Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ni mhusika wa ngazi ya juu kupita kiasi. Hakuna jeshi linalomweza. Msimulizi dhaifu angemletea jitu kubwa zaidi. Utenzi haufanyi hivyo hata mara moja. Mfalme wa Pate anajaribu kwanza hila ya kikoa, yaani karamu ya pamoja: wanaume wakwee mikoma kwa zamu, na zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo anaangua makoma kwa mishale yake, miguu ikiwa chini. Anafungwa gerezani, mtumwa Saada anampelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani, naye anatoroka. Mwishowe anauawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na mkono unaoichoma ni wa mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme.

Ukiutazama kwa jicho la mchezaji, kila tishio katika kisa hicho linapita kando ya nguvu zake. Karamu, gereza, ndoa, mtoto. Nguvu za Liyongo hazipunguzwi hata pointi 1. Ule udhaifu wa kitovu nao haufichuki kwa bahati ya dadu. Anautaja yeye mwenyewe kwa mwanawe anapoulizwa, huku akishuku kwamba ametumwa. Hakuna jedwali la kinga dhidi ya swali la mtoto.

Ramli ni mtihani mwingine wa ngazi za juu: mchawi anayeuliza mizimu nani muuaji anamaliza kisa cha upelelezi kwa dakika moja. Hapa Ukambani pana mfano ulio karibu. Inasimuliwa kwamba Syokimau alitabiri nyoka mrefu atakayetoka baharini, na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikapita. Kujua hakukuizuia. Msimulizi mwerevu atamjibu mchawi kweli tupu, tena mapema, kisha awaache wahusika wagombane juu ya la kufanya.

Wapo waliotafuta dawa kwa sheria tu. Toleo la 4, mwaka 2008, liliwapa wote, mpiganaji na mchawi, mpangilio mmoja wa uwezo hadi ngazi ya 30. Hesabu zikakaa sawa, na wachezaji wengi wakalalamika kwamba wahusika wote wana ladha moja. Baadhi yao mwaka uliofuata walihamia Pathfinder, mchezo ulioendeleza mtindo wa zamani pamoja na mapengo yake. Wengine husimamisha upandaji ngazi kwenye 6 na kuendelea kucheza hapo kwa miaka, uamuzi wenye busara kuliko sifa unazopewa.

Kwa kundi linalotaka kufika 20 bila kugombana, marekebisho mawili yanatosha kuanzia. Kinga ya mpiganaji dhidi ya uchawi ipande pamoja na ngazi yake, kama ilivyokuwa mwaka 1979. Na akifika ngazi ya 9, apewe watu: wenye majina, wenye madeni, wenye watoto wa kuozesha.