Damu za Watu na Njia ya Mbu

Mtu akipungukiwa na damu, haitoshi kutiwa damu ya ndugu yake au ya mtu wa kabila lake. Mwaka 1901 Karl Landsteiner, tabibu wa mji wa Vienna, alitangaza kwamba damu za watu ni za makundi mbalimbali, na kwamba baadhi yake zikichanganywa huganda vipande vipande.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Ludwik Hirszfeld na mkewe Hanna, madaktari waliokuwa Salonika, walipima damu za askari na raia zaidi ya 8,000 wa mataifa mengi. Mwaka 1919 walitoa habari kwamba kundi A lilikuwa jingi zaidi kwa Wazungu, na kundi B kwa Wahindi. Lakini makundi hayo yalionekana kwa kila taifa. Wako waliotaka kuifanya hesabu hiyo mizani ya ubora wa watu, na huo ulikuwa upuuzi mtupu.

Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyelelewa Kenya, alifuatana na msafara wa chuo chake kwenda Mlima Kenya. Kazi yake ilikuwa kukusanya damu za makabila ili makundi yake yajulikane. Akatazama pia chembe zipindikazo kama mundu, akaona ajabu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria alizikuta kwa watu zaidi ya 20 katika kila 100. Nyanda za juu hazikufika hata kwa mmoja. Waluo wa ziwani walifanana na watu wa pwani, ijapokuwa lugha zao ni mbali kabisa. Walichoshiriki ni mbu.

Mwaka 1954 Allison alieleza kwamba aliyerithi mundu kwa mzazi mmoja huwa mzima, na malaria haimlemei sana. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili huugua sana: viungo vyamwuma, damu yampungua. Wazazi wote wakiwa nayo, kila mimba ina hatari moja katika nne. Kwa hiyo mama aliyezika watoto hakurogwa, wala hana kosa.

Uchunguzi haukukoma. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba damu iitwayo Dantu, ambayo ni nadra Afrika ya Magharibi lakini yapatikana Kilifi, huwakinga watoto na malaria kali. Ngozi ya chembe zake imekaza, na kijidudu cha malaria hupata taabu kuingia.