Subaru Kuukuu ya Mbio: Ukaguzi Kabla ya Kulipa

Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo Subaru Impreza WRX ya 2004 inayouzwa leo Thika au Ruiru imeshatumika humu nchini miaka mingi, na bei yake haielezi ilivyotunzwa.

Injini ndiyo ya kwanza kukaguliwa, tena ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto mapema huenda anaficha kitu. Moshi wa buluu kwenye ekzosi ni oili inayoungua: turbo imechoka au ringi za pistoni zimelika. Mapovu yasiyokoma kwenye chupa ya maji ya rejeta huashiria gasketi ya silinda hedi iliyoungua, na hapo ni heri kuondoka. Mkanda wa taimingi hubadilishwa takribani kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugonga pistoni na injini huharibika.

Baada ya injini, gari hujaribiwa barabarani. Lami laini ya Thika Road huficha shoki na bushi zilizokwisha. Barabara ya murram huzifichua mara moja.

Mwisho, jina la mwenye gari huthibitishwa kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, kabla ya kutoa hata shilingi moja ya arubuni.