Viza ya Kukaa Bila Kufanya Kazi



Tangu Profesa Rudolf Geigy wa Basel alipofika Ifakara mwaka 1949, njia baina ya bonde letu na Uswisi haijaota nyasi. Sasa wapo wazazi wanaoitwa na watoto wao huko, nao huniuliza waombe viza ipi.

Wengi huomba ya matembezi, wakidhani ikiandikwa mwaka mmoja basi watakaa mwaka mmoja. Sivyo. Huo ni muda wa kuitumia viza. Kukaa ni siku 90 tu katika kila siku 180, siku ya kuingia na ya kutoka zikihesabiwa. Kuvuka kwenda Ujerumani au Ufaransa hakufuti hata siku moja. Mpunga wetu wa Supa haukomai kwa siku 90! Na anayepitisha muda anaweza kupigwa marufuku kurudi.

Atakaye kukaa zaidi aombe viza ya aina ya D kabla ya kuondoka. Maombi hupelekwa jimbo anakoishi mwenyeji, na huchukua wiki nyingi. Sheria yao humfikiria mstaafu aliyetimiza miaka 55, mwenye mtoto au mjukuu huko na fedha za kumtosha, mradi asifanye kazi ya kipato, huko wala kwingineko. Miaka 55 ndiyo yetu ya kustaafu kwa hiari. Lakini pensheni yetu kwa bei za Basel! Bima ya ugonjwa nayo ni lazima kwa kila mkaazi. Muulizeni mtoto nani atailipa, kabla hamjaandika barua ya kustaafu.