Kodi Inayorudi Nyuma: Shauri la Wafanya Kazi wa Kandarasi wa Uingereza



Kamati ya sherehe imeniagiza niseme habari za kodi. Nimetii, ingawa najua kwamba katika siku ya ngoma na pilau hakuna neno lisilopendwa kama hilo. Nimechagua shauri la Uingereza, kwa kuwa sheria za kodi ya mapato katika nchi zetu za Afrika Mashariki zilitoka huko, na kwa kuwa waliopatwa ni watu wanaofanana nasi: hawana bwana mmoja wa kudumu, na hula jasho lao kwa msimu.

Watu hao ni mafundi wa kompyuta, wahandisi, wauguzi na wengine, wanaofanya kazi hapa miezi mitatu na pale miezi sita. Mwaka 2000 serikali yao iliweka kanuni, ijulikanayo kwa jina la IR35, ya kuwatoza wengi wao kodi kama waajiriwa, ijapokuwa hawakupata likizo wala pensheni ya waajiriwa. Chama chao kilikwenda mahakamani, kikashindwa mwaka 2001. Hapo ndipo wauzaji wa hila walipopata soko.

Hila yenyewe naweza kuieleza kwa mizani yetu. Mkulima ameleta mizigo kumi ya pamba. Karani anamwandikia bei ya mizigo miwili, na fedha za ile minane anamwandikia kuwa ni mkopo, ambao hakuna atakayeudai. Mkopo si pato, kwa hiyo hautozwi kodi. Wauzaji walitoza ada yao, wakaonyesha barua za wanasheria zilizosema kwamba yote ni halali, na wengi wakaamini. Huenda mzee mmoja hapo nyuma anajiuliza: mtu mzima aliyesoma anaamini vipi mkopo usiorudishwa? Swali hilo ni la haki, nami sitawasafisha wote. Lakini wako walioambiwa na mawakala wa kazi kwamba bila mpango huo hakuna kibarua, na wako walioutaja mpango huo waziwazi katika fomu zao za kodi, mwaka baada ya mwaka, wasipate swali lolote kutoka Idara ya Mapato.

Mwezi wa Machi 2016 serikali ikatangaza dawa yake, na mwaka 2017 ikawa sheria. Kila mkopo wa namna hiyo uliotolewa tangu tarehe 6 Aprili 1999, ukiwa haujalipwa ifikapo tarehe 5 Aprili 2019, ungehesabiwa kuwa pato la mwaka mmoja. Tafadhalini lipimeni jambo hilo. Mapato ya miaka mingi yakirundikwa katika mwaka mmoja hupanda hadi kiwango cha juu cha kodi, ambacho pengine mtu huyo hakukifikia hata mara moja maishani. Serikali ilisema kwamba sheria hairudi nyuma, kwa sababu kodi yenyewe inazaliwa mwaka 2019. Kwa karani hoja hiyo ni safi. Kwa mwenye kudaiwa ni kucheza na maneno.

Walioguswa walikadiriwa kuwa kiasi cha watu 50,000. Idara yenyewe ilipeleka kwa wachunguzi habari za watu 10 waliojiua wakiwa katika shauri hili. Sitaongeza neno juu ya hao.

Kwa nini hawakutegemea mahakama? Kwa sababu njia hiyo ilikwisha jaribiwa. Sheria ya mwaka 2008, iliyofunga mpango mwingine uliopitia Kisiwa cha Man, ilitamka wazi kwamba inarudi nyuma hadi mwaka 1987. Bwana Huitson, fundi wa kompyuta, aliipinga kwa kudai kwamba inamnyang'anya mali yake. Alishindwa Mahakama Kuu mwaka 2010, akashindwa katika rufani mwaka 2011, na mwaka 2015 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikakataa ombi lake. Mahakimu walisema kwamba Bunge laweza kurudi nyuma ikiwa manufaa ya wote yanapimwa kwa haki na mali ya mtu mmoja. Tena mwaka 2017, katika kesi ya klabu ya mpira ya Rangers, Mahakama ya juu kabisa iliamua kwamba fedha zilizopitishwa kwa njia ya namna hiyo ni mshahara. Lakini katika kesi hiyo mwajiri ndiye aliyepaswa kukata kodi. Katika mikopo hii deni limemwangukia mfanya kazi, na wauzaji wengi wamekwenda zao na ada zao.

Basi wakajikusanya, wakawaandikia wabunge wao, wakapeleka nakala za fomu zao za zamani. Mwaka 2019 Sir Amyas Morse, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, akapewa kazi ya kuichunguza sheria hiyo. Mwezi wa Desemba alishauri kwamba mikopo ya kabla ya tarehe 9 Desemba 2010 iondolewe, kwa kuwa siku hiyo ndipo serikali ilipotangaza sheria iliyofanya jambo hilo kuwa wazi. Tena, kwa mikopo ya baadaye hadi Aprili 2016, aliyekuwa ametoa habari za kutosha katika fomu yake, na Idara isichukue hatua, naye asamehewe. Serikali ilikubali. Ndugu zangu, aliyekuwa na nakala ya fomu yake ya miaka ile aliweza kuonyesha kwamba hakuficha kitu. Aliyeitupa alibaki na maneno matupu. Ndiyo maana makarani wetu huwasumbua sana juu ya stakabadhi za mizani, na wataendelea kuwasumbua.

Mwezi wa Januari 2025 serikali ilimteua Bwana Ray McCann aitazame upya habari ya wale waliobaki na deni, na taarifa yake ilitolewa pamoja na bajeti ya mwezi wa Novemba mwaka huo, ikaleta masharti mepesi zaidi. Lakini uchunguzi huo haukuwahusu wale waliokwisha patana na Idara na kulipa, baadhi yao kwa kuuza nyumba, na malalamiko yao bado yapo.